Nililaumu petroli, kumbe tangi: uzoefu wangu wa kutyuni 1JZ kwa ajili ya kudrifti

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibana nitaieleza mbele, na fundi mwenyewe anaijua, maana tulibishana kuihusu uso kwa uso.

Gari ninalodrifti nalo, yaani kuliteleza ubavu kwenye kona kwa makusudi, ni Toyota Chaser JZX100, injini 1JZ-GTE ile yenye VVT-i (mfumo wa kubadilisha wakati wa kufunguka kwa vali): silinda sita za mstari, lita 2.5, tabo moja (feni inayosukumia injini hewa ya ziada), gia za mkono. Kwenye karatasi ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 280, kama zilivyoandikiwa gari nyingi za kasi za Japani za miaka ya 1990, kwa sababu watengenezaji wa huko walikubaliana wasitangaze zaidi ya hapo. Mimi nimeifungia tabo kubwa kidogo, nozo kubwa za kunyunyizia petroli, intakula ya mbele (inapoza hewa inayotoka kwenye tabo), difu ya kujifunga ya njia mbili (inalazimisha magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja), hendibreki ya haidroli, na kompyuta ya injini inayojitegemea badala ya ile ya kiwandani. Vyuma nilikuwa navyo vyote. Kilichokosekana ni mtu wa kuvipatanisha, ndiyo kutyuni kwenyewe.

Huduma ninayoipa nyota hapa ni ya fundi wa pili. Wa kwanza simtaji. Alinipakia ramani, yaani maagizo ya kompyuta ya injini, aliyokuwa nayo tayari kwenye laptopu, nadhani ya gari la mteja mwingine, akapandisha busti (shinikizo la hewa ya tabo) hadi bar 1.1, akalivuta gari mara tatu kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) na kunikabidhi karatasi yenye mchoro mzuri: farasi 372 kwenye magurudumu. Barabarani gari lilikuwa tamu kweli. Uwanjani, mzunguko wa tatu, katikati ya kona ndefu ya kulia, nikasikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo.

Hapa tuweke lugha sawa. Mtaani tukisema injini imenoki tunamaanisha imeshakufa, beringi za konrodi zimekwenda. Nilichosikia mimi ni kitu kinachotangulia. Plagi ikishawasha, moto unasambaa kutoka katikati ya silinda kwenda pembeni. Mchanganyiko wa hewa na petroli uliobaki pembeni, kama umebanwa na kupata joto kupita kiasi, unajilipukia wenyewe kabla moto haujaufikia. Shinikizo linaruka ghafla na pistoni inapigwa kama kwa nyundo. Kinachomomonyoka kwanza ni zile kingo zinazoshika ringi. Ukiendelea kukanyaga mafuta, ndipo unafika kwenye kunoki ya mtaani.

Nilizima gari, nikafungua boneti, na kabla hata feni haijasimama wenzangu walikuwa wameshatoa hukumu: petroli imechakachuliwa. Nami nikakubali papo hapo. Hoja ilikuwa na mantiki. Ukichanganya mafuta ya taa kwenye petroli, oktani inashuka, na oktani si kingine ila uwezo wa mafuta kuvumilia mgandamizo bila kujilipukia. Isitoshe injini yangu ilitengenezwa kwa ajili ya petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na RON (kipimo cha oktani) 98 hadi 100, na mimi natumia 95.

Basi nikafanya wanachofanya wengi: nikanunua chupa ya dawa ya kuongeza oktani. Sitataja jina lake, ila maneno ya kwenye lebo nitayataja kwa sababu yamewadanganya wengi. Imeandikwa inaongeza "pointi 5". Nikapiga hesabu ya kitoto, 95 na 5 ni 100, nimeshafika Japani. Kumbe katika biashara hiyo pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani. Pointi 5 ni nusu oktani. Nilitoka 95 nikaenda 95.5, na kokoto zikaendelea kutikiswa. Nilipofungua plagi nikakuta ncha zake nyekundu kama matofali, rangi inayoachwa na manganizi iliyomo kwenye dawa nyingi za aina hii. Uchafu huo ukijaa, plagi inaanza kukosa moto. Chupa iliyobaki bado iko kwenye kabati la gereji, inanitazama.

(Na wale wanaogombana kila siku kuhusu petroli ya 91 ya Marekani na ya 95 ya kwingineko: mara nyingi mnazungumzia mafuta yaleyale. Marekani pampu zinaandika wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON, na MON huwa iko chini. Gombaneni juu ya tairi.)

Fundi wa pili nilielekezwa kwake na rafiki ninayefukuzana naye uwanjani. Nilifika na karatasi yangu ya farasi 372 nikiwa nimeishika kama cheti cha shule. Hakuiangalia. Aliniuliza natumia petroli gani, nakaa nayo muda gani kwenye tangi, mzunguko mmoja unachukua sekunde ngapi, nafanya mingapi mfululizo kabla ya kupoza, na naingia uwanjani na mafuta kiasi gani. Nikajibu kwa fahari: robo tangi, ili gari liwe jepesi. Akaandika, hakusema kitu.

Siku ya daino nilikaa pembeni kwa muda wa saa sita. Alianza na busti ndogo kabisa, ile inayoshikiliwa na springi ya vali ya tabo tu, bar 0.7, kwa petroli ya 95 isiyo na dawa yoyote. Kisha akawa anasogeza taimingi, yaani wakati plagi inapowasha, digrii moja moja, hedifoni masikioni zikiwa zimeunganishwa na sensa iliyofungwa kwenye bloku, anasikiliza chuma. Kilichonishangaza ni mahali alipokuwa anasimama. Fundi wa kwanza alisogeza mpaka karibu na kugonga, akarudisha kidogo. Huyu alisimama pale ambapo kuongeza digrii hakukuongeza tena msukumo, hata kama injini ilikuwa kimya. "Ukipita hapa, kaka, unaongeza joto na shinikizo tu, farasi hawaongezeki." Mchanganyiko kwenye busti kamili aliuweka mzito, hewa kilo 11.5 kwa kilo moja ya petroli, ili petroli ya ziada isaidie kupoza.

Matokeo yake: farasi 340. Pungufu ya 32. Nakiri nilinuna. Nilikuwa nimelipia kazi hiyo kiasi cha seti mbili za tairi za nyuma, halafu nikanyang'anywa farasi.

Uso ulibadilika nilipoliendesha. Injini hii ina VVT-i kwenye kemshafti (shafti inayofungua vali) ya kuingiza hewa tu, na fundi wa kwanza hakuigusa kabisa. Huyu aliipanga kwa kila eneo la mizunguko ya injini, na tabo ikaanza kuamka mapema zaidi, karibu mizunguko 600 kwa dakika chini ya mwanzo. Anayedrifti ataelewa ninachosema. Gari likiwa ubavu, usukani unaelekeza pua, lakini pembe ya gari unaishika kwa mguu wa kulia. Ukitaka ifunguke zaidi unaongeza mafuta kidogo, ukitaka ijirudi unapunguza kidogo. Injini isiyo na kitu halafu ghafla ina kila kitu inakufanya uwe unabahatisha: ama gari linajinyoosha, ama linazunguka kama pia. Ya kwangu sasa inasikia nusu sentimita ya kanyagio. Kona niliyokuwa naipata mara mbili kati ya tano, naipata mara nne.

Lakini sehemu iliyompa nyota zake ni uwanjani. Alisema daino peke yake haitoshi kwa gari la drifti, na sababu yake ni ya wazi ukishaambiwa. Mvuto mmoja wa daino ni sekunde kumi na kitu, feni kubwa ikipuliza moja kwa moja usoni. Kwenye drifti injini inakaa kati ya mizunguko 5,000 na 7,000 kwa dakika, tena kwa muda wa dakika nzima, huku gari lenyewe likienda kwa mwendo mdogo, tena kwa ubavu, kwa hiyo upepo unaikosa rejeta na intakula. Akakaa kiti cha abiria, laptopu mapajani, kofia kichwani, tukaenda. Hewa iliyokuwa inaingia injini kwa nyuzi 42 kwenye daino ilifika 71 kwenye mzunguko wa nne. Na kwenye kona ndefu ya kulia, kokoto. Hata kwa ramani yake.

Nikamwambia si unaona, petroli. Akanyamaza, akanionyesha mstari mmoja kwenye skrini. Ulikuwa mgandamizo wa petroli kwenye reli ya nozo. Ulitakiwa uwe bar 3 na busti juu yake, yaani kama bar 4. Kila kona ndefu ya kulia ulikuwa unadondoka hadi 2.6, kisha unapanda tena tukinyooka. Kona za kushoto, hakuna kitu.

"Petroli yako haina kosa, kaka. Imehamia upande mmoja wa tangi, pampu inanyonya hewa."

Robo tangi yangu ya wepesi! Mafuta yalikuwa yanakimbilia ukutani mwa tangi, nozo zinapata kidogo, mchanganyiko unakuwa mwepesi wakati busti iko juu, na mchanganyiko mwepesi chini ya busti ndio unaogonga. Tulijaza tangi hadi robo tatu, tukarudia kona ileile kwa petroli ileile. Kimya. Wiki iliyofuata akanifungia tangi dogo la akiba la lita 2 karibu na pampu kuu, ambalo hujazwa muda wote na pampu ya kwanza huku ya pili ikilisha injini, na sasa naingia na robo nikitaka. Wenye pampu za petroli niliowasema vibaya mwezi mzima, samahani.

Joto nalo alilishughulikia ndani ya ramani. Hewa ikizidi nyuzi 55, taimingi inarudi nyuma yenyewe kidogo kidogo. Maji yakipita nyuzi 105, busti inashuka. Ukweli ni kwamba mizunguko ya mwisho gari linaonekana limechoka, na mara ya kwanza nilidhani tabo imekufa. Dawa yake ni rejeta nene na feni nzuri, ambayo ni bili nyingine. Nilimuuliza pia kuhusu E85, mafuta ambayo sehemu kubwa ni ethanoli. Akasema injini ingeipenda, lakini inahitaji mafuta mengi zaidi kwa karibu theluthi moja, na nozo zangu zingefika ukingoni. Hakujaribu kuniuzia kubwa zaidi, jambo ambalo si la kawaida.

Sasa malalamiko. Aliniahidi siku mbili, zikawa tisa, na simu alikuwa anapokea akitaka. Hilo ningelisamehe. Nisilolisamehe ni kwamba ameifunga ramani kwa neno la siri. Kompyuta ni yangu, injini ni yangu, nimelipia kila saa ya kazi yake, lakini nikisafiri na gari likapata tatizo, hakuna fundi mwingine anayeweza kugusa hata mzunguko wa sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta). Hoja yake naielewa: kesho kijana ataongeza busti, injini ife, na jina litakalotajwa ni lake. Nikamwambia andika hivyo kwenye risiti nami nitasaini. Akacheka. Tulikubaliana nusu: naruhusiwa kusoma rekodi zote, na kuna swichi chini ya dashibodi inayorudisha busti kwenye ile ya springi nikiwa sina imani na petroli niliyojaza.

Wiki iliyopita, baada ya siku nne za uwanjani, nilifungua plagi zote sita. Rangi ya kahawia iliyofifia, zimefanana. Nikampigia kumshukuru na kumwomba lile neno la siri. Alipokea mlio wa kwanza. Neno hakunipa.