Kadi za kukutana na Wajapani: duka la uchapaji la Majengo, Dodoma

Anayekwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kukutana na ujumbe kutoka Japani, kinachotangulia kutoka mfukoni ni kadi ya biashara, kabla hata hajakaa. Kwa hiyo kazi ya duka hili lililo jirani na Soko la Majengo inafaa kupimwa kwa jicho kali.

Karatasi wanaijua. Ile ya gramu 350 kwa mita ya mraba isiyong'aa haipindi ovyo wala haishiki alama za vidole. Ya kung'aa iacheni: kwa vumbi la Dodoma ikishikwa mara mbili imeshachafuka, na kadi chafu au iliyojikunja mbele ya Mjapani ni heri isitolewe. Kwenye vipimo wasimamie. Wamezoea kukata milimita 85 kwa 55, wakati ya Kijapani ni 91 kwa 55. Ndogo si kosa, ila A4 moja inatoa kadi 10 za kipimo cha Kijapani bila tabu, basi kwa nini usiombe?

Udhaifu wao uko upande wa pili wa kadi, wenye Kijapani. Kompyuta ya kaunta haina fonti za lugha hiyo, hivyo faili la Word linafunguka na vijisanduku vitupu. Peleka PDF iliyobeba fonti zake. Jina liwe kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni, na nukta kati ya jina la kwanza na la ukoo. (Kijapani hakitofautishi r na l, hivyo Rehema na Lehema huandikwa sawasawa, hapo usimlaumu mchapaji.) Sampuli moja ikaguliwe na anayesoma Kijapani kabla ya kuchapa 100.

Makasha ya chuma wanayouza yapite, chukua la ngozi. Kadi hutolewa juu yake, mmesimama, kwa mikono miwili, maandishi yakimwelekea mpokeaji, huku ukitaja jina na taasisi yako. Mgeni au mwenye cheo cha chini ndiye huanza. Ukipokea, isome. Mezani, ya mkubwa wao ikae juu ya kasha, nyingine zifuate walivyoketi. Kuiandikia juu mbele yao au kuisukumiza mfuko wa nyuma wa suruali ni dharau.

Mkiwa wanne na wao wanane, kila mmoja wenu abebe zaidi ya nane, maana kila mgeni hupewa yake.

Umeme ukikatika hukata kwa kisu na rula. Kadi za siku hiyo zikague kingo kabla ya kulipa.