Lenzi za kupigia ndege weupe wakiruka juani: ipi ununue kwanza

Mpige picha yangeyange saa sita mchana kamera ikijiamulia yenyewe, na mara nyingi mgongo wake utaungua, ubaki doa jeupe lisiloonesha unyoya hata mmoja. Lenzi ghali haitibu hilo. Dawa yake ni hesabu: juani, kwa ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/8 (upenyo wa lenzi; namba ikikua, tundu hupungua), vitu vya kawaida hutaka kasi ya shata ya sekunde 1/1600 hivi, kwa ndege mweupe punguza mwanga hatua moja, yaani nusu: 1/3200. Kasi hiyo husimamisha bawa. Kwa hiyo mwanga umeshapewa na jua, usiulipie tena dukani.

Ya kwanza kwangu ni zumu ya milimita 100–400, namba kubwa ikimaanisha kuvuta karibu zaidi. Unamtafuta ndege kwa 100, ukimpata unavuta. Akikugeukia unarudisha haraka kabla ncha za mabawa hazijakatwa. Upenyo wake ni mdogo, lakini si utaubana hadi f/8 hata hivyo? Kabla ya kulipa, toka nayo nje, ielekeze kwenye kitu kinachosogea angani, uone kama fokasi inang'ang'ania au inayumba huku na huko. Dai pia kofia ya kukinga jua. Zilizotumika mara nyingi huuzwa bila hiyo, na jua likipiga kioo cha mbele picha hupauka.

Ya pili ni 400 f/5.6 isiyo na zumu, iliyotumika. Canon EF 400mm f/5.6L ya mwaka 1993 ina kilo 1.25 na haina kituliza mtikisiko. Kwa 1/3200 wala hutakikumbuka.

Zumu za 150–600 za Sigma na Tamron nazipa nafasi ya tatu. Zina kilo mbili hivi au zaidi, mkono huchoka, na mchana hewa ya moto hucheza juu ya ardhi kiasi kwamba ndege wa mbali hutoka kama yuko majini.

Mwisho kabisa, 600 f/4. Alfajiri, mwanga ukiwa haba, lenzi hii ni mfalme. Juani, f/4 kwa ISO 400 ingetaka karibu 1/12800, na shata nyingi za kimakanika huishia 1/8000: utaubana upenyo uleule uliougharamia.

Filta ya polaraiza, kioo cha kupunguza mng'ao, achana nayo, inakula mwanga. Pesa iliyobaki nunua kadi yenye kasi, maana ukipiga RAW (faili ghafi, kubwa) mfululizo kadi ya polepole huifanya kamera isite ndege ndiyo kwanza anageuka.