Dawa ya kupuliza ya kuwashia gari: linawaka, ila niliitumia kijinga

Gari langu ni la mwaka 1974. Kabureta moja (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa), choki ya kuvuta kwa mkono, ile ya kubana hewa ili injini baridi ipate mafuta zaidi. Kukiwa na joto linawaka ukigusa tu stata. Asubuhi ya nyuzi 2 au 3 linasusa. Ndiyo sababu nikanunua kopo la dawa ya kuwashia, ile ya kupuliza yenye etha, nikaitumia msimu mzima wa baridi.

Kufanya kazi inafanya, tena papo hapo. Petroli kwenye baridi haitaki kugeuka mvuke. Inabaki matone, inanata kwenye kuta za njia ya hewa, plagi zinapiga cheche bure. Etha huwa mvuke hata kwenye barafu na hushika moto upesi. Nafungua mfuniko wa eya klina (kichujio cha hewa), napuliza sekunde 1 kwenye koo la kabureta, naenda kupiga stata: linakohoa mara mbili tatu, kisha linatulia kama halikuwa na neno.

Ubaya wake niliuona siku niliyokuwa na haraka, nikapuliza kama mtu anayeua mbu. Injini ilipiga mshindo, ikacheua moto kupitia kabureta, na vinyweleo vya mkono wangu wa kulia vikaenda. Onyo la kupuliza kidogo lipo kwenye kopo, kwa herufi za kutafutia miwani. Tena etha haina ulaini wowote. Ikizidi huosha oili kwenye kuta za silinda, na hapo vyuma vinasagana vikavu. Wenye dizeli yenye plagi za kupasha joto, msiiguse kabisa.

Sasa ikafika asubuhi moja kopo limekauka. Nikarudi kwenye mambo ya wazee: taa na redio nimezima ili betri isigawane nguvu, choki nimevuta yote, pedali ya mafuta nimekanyaga taratibu mara 2, stata sekunde 5, nikaipumzisha, nikarudia. Wapi! Nikafungua eya klina nichungulie. Choki kule ndani nimeivuta mpaka mwisho, lakini kile kibati cha kuziba hewa kwenye koo la kabureta kimefunga nusu tu. Waya wake ulikuwa umeteleza kwenye skrubu. Na mimi kila asubuhi nilikuwa nafungua palepale, macho kwenye kopo!

Bisibisi, dakika 5, waya ukakazwa. Tangu hapo linawaka stata ya pili, hata siku ya baridi kali, na choki nairudisha ndani polepole kadiri injini inavyopata joto, maana ukiisahau nje unalowesha plagi na moshi mweusi unakuumbua barabarani.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Kopo jipya nimenunua, liko kwenye buti, bado lina kizibo chake.