DHT11 au DHT22 kwa nyumba ya wazee?

Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi yake haina mchezo. Mzee anaweza kupoa mwili asiseme neno, maana umri hupunguza uwezo wa kuhisi baridi. Hapo ndipo kihisi cha bei nafuu, kidude cha kupima joto la chumba, kinapofaa, na DHT11 na DHT22 ni viwili vya aina hiyo.

DHT11, kile kidude cha buluu, ndicho cha bei ya chini zaidi, lakini kinaweza kukosea kwa nyuzi 2. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyumba za nchi zenye baridi zisishuke chini ya nyuzi 18. Sasa kikikuonyesha 18, huenda chumbani ni 16, na kwa bibi wa miaka themanini hilo si dogo. DHT22, cheupe, hukosea nusu nyuzi hivi. Husoma polepole, kila sekunde 2, ila joto la chumba lina haraka gani?

Kwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwenye joto kali, DHT11 ingetosha. Kabale ningelipia DHT22, nikifunge usawa wa kitanda, mbali na dirisha na sigiri. Moshi wa mkaa vyote viwili havioni. Hiyo ni kazi ya kifaa kingine.