Kifurushi cha gofu kilichokatika kabla Masters haijapata mshindi: uzoefu wangu

Sitaanza na bei wala ubora wa picha. Hayo kila mtu anaweza kuyasoma kwenye tangazo la hawa walioniuzia kifurushi cha kutazama gofu mtandaoni. Nianze na lililoniuma: wamenikatia matangazo ya Masters ya 2025, mashindano makubwa ya gofu yanayochezwa Augusta, Marekani, wakati Rory McIlroy na Justin Rose wako sare, mshindi hajapatikana, na wote wawili wanajiandaa kurudi kwenye shimo la mwisho, la 18, ili ijulikane nani atavaa koti la kijani la mshindi. Kioo kikawa kijivu. Yakatokea maneno: "Kipindi kimekwisha. Asante kwa kutazama." Chini yake wameniwekea picha ya kipindi cha mapishi, eti huenda nikakipenda.

Saa nane ya usiku. Nimekesha, halafu naambiwa niangalie mtu anakatakata vitunguu.

Kwa wasiofuatilia gofu, niwaeleze kwa nini hili halijanitoka hadi leo. McIlroy alikuwa ameshachukua US Open ya 2011, PGA Championship ya 2012 na ya 2014, na The Open ya 2014. Katika mashindano makubwa manne, lililobaki lilikuwa Masters peke yake. Waliowahi kuyakamilisha yote manne walikuwa watano tu: Gene Sarazen, Ben Hogan, Gary Player, Jack Nicklaus na Tiger Woods. Basi. Tangu 2014 hadi siku hiyo huyu bwana hakushinda hata moja kati ya hayo makubwa, na kila Aprili maswali yalikuwa yale yale. Na Augusta palishamtesa tangu mwanzo. Mwaka 2011 aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa mikwaju minne (kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye aliye mbele), akapiga mikwaju 80, mingi mno, akashuka mbele ya macho ya dunia nzima. Ile niliiona. Kuanzia siku hiyo nikawa upande wake, ashinde asishinde.

Sasa fikiria Jumapili yenyewe. Anaanza akiongoza kwa mikwaju miwili. Shimo la kwanza tu, ile miwili imepotea. La pili, mpinzani wake Bryson DeChambeau kampita. La tatu na la nne anarudisha, anatulia, anapiga mpira kama mtu aliyekwishasahau presha, hadi inaonekana mambo yamekwisha. Halafu shimo la 13: mpira mfupi, kijiti mkononi ni kile cha karibu, grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, yote wazi upande wa kushoto, naye anautumbukiza kwenye kijito kilicho mbele ya grini! Nilisimama. Huku Rose, aliyekuwa nyuma sana asubuhi ile, anapunguza mkwaju shimo baada ya shimo, mashimo kumi kwa jumla, anamaliza na mikwaju 66. McIlroy kwenye la 15 anaukunja mpira kuzunguka miti hadi karibu na bendera. Kwenye la 17 anauweka tena karibu kabisa na shimo. Anafika la 18 akihitaji mikwaju minne tu ili dunia ibadilike. Anapiga wa pili, unaingia mchangani. Anautoa vizuri, umebaki mpira wa hatua mbili. Anaukosa.

Sare, mikwaju 11 chini ya kiwango kilichowekwa cha uwanja, wote wawili.

Na hapo ndipo waliponizimia.

Ingekuwa ni picha kuganda, ningesamehe. Mtandao hukatika, mitambo huharibika, sote tunajua. Lakini intaneti yangu ilikuwa nzima na hicho kipindi cha mapishi kilicheza bila kukwama hata sekunde moja. Kumbe walikuwa wamepangia gofu iishe saa nane, na saa nane ilipofika wakafunga.

Nikapiga huduma kwa wateja. Nilisubiri na kale kamuziki kao, hatimaye akapokea kijana mmoja. "Dada, karibu, nikusaidie nini?" Nikamwambia gofu imekatika na mshindi hajapatikana. Akanijibu, "Hapana dada, kwa mujibu wa ratiba gofu imeisha." Nikamweleza taratibu kwamba ratiba si mchezo, kwamba wamefungana, kwamba sasa wanarudi kupiga shimo la ziada. Akasema, "Huku kwangu naona imeisha, dada." Nikaanza tena kumweleza. Akacheka, halafu akaniuliza hivi, nanukuu: "Kwani dada, wewe unacheza gofu?"

Nilikaa kimya kwanza, maana sikuamini.

Hivi mwanamume akipiga simu kulalamika kuhusu mpira wa miguu, anaulizwa kama anacheza namba tisa? Nimelipa. Nimelipa hela ile ile anayolipa mwanamume. Augusta National yenyewe, klabu inayoandaa Masters, ilikaa hadi 2012 ndipo ikawapokea Condoleezza Rice na Darla Moore, wanachama wake wa kwanza wanawake, na ilisemwa sana kwa ukaidi huo. Sikutegemea mwaka 2025 nihojiwe na mtu wa huduma kwa wateja kama ninastahili kuangalia gofu nyumbani kwangu.

Simu ikiwa bado sikioni, ikatetema. Nikaitoa niitazame. Ujumbe wa kaka yangu, kwa herufi kubwa: KASHINDA. Yaani McIlroy alikwisha kupiga mpira wake wa pili ukaganda karibu na bendera, Rose akakosa wake, McIlroy akausukuma ukaingia, akaanguka kwa magoti akilia, na mimi nabishana na mtu anayeniambia mchezo umeisha. Wa sita katika historia. Nimemngoja tangu 2011, nikaja kupata habari kwa ujumbe wa simu.

Hawa watu wanauza kitu wasichokielewa. Gofu haina dakika tisini. Mvua ikinyesha wanasimama, radi ikipiga wanaondolewa uwanjani, wakifungana wanaendelea. The Open na PGA Championship wana mashimo matatu ya nyongeza, US Open mawili, na Masters tangu 1979 wanapiga shimo moja moja hadi mmoja ashindwe. Huwezi kujua ni dakika kumi au ni saa nzima, na ndiyo raha yake. Fainali ya Kombe la Dunia ya 2022, Argentina na Ufaransa zilipofikia penalti, nani angethubutu kuweka mapishi? Na tuseme ukweli, Masters ni shindano ambalo wenyewe wanalilinda hasa. Televisheni ya Marekani kwa miaka mingi imeruhusiwa dakika 4 tu za matangazo ya biashara kwa kila saa, ili mtazamaji asisumbuliwe. Wenye mali wanamheshimu mtazamaji kiasi hicho, muuzaji wa huku anamfungia mlango.

Sasa niwe wa haki. Alhamisi hadi Jumamosi huduma ilikuwa nzuri. Nzuri kweli. Jumamosi McIlroy alipopiga 66 yake ya pili mfululizo sikupoteza mpira hata mmoja, sauti safi, na mtangazaji wao wa Kiswahili alieleza zile kona za Augusta kwa namna ambayo hata mama yangu alikaa akauliza maswali. Pale Amen Corner, shimo la 11 hadi la 13, alieleza upepo unavyozunguka juu ya miti hadi mchezaji anashindwa kuchagua kijiti. Huyo mtangazaji mpeni mshahara zaidi. Usiku ule, kabla ya kukatwa, nilikuwa tayari kuwapa nyota nne, na nadhani bado mtu anayetaka siku tatu za mwanzo tu anaweza kulipia na akaridhika.

Lakini nani anaangalia Masters siku tatu?

Niliwaandikia barua pepe. Ikapita muda, wakajibu: "Ndugu mteja wetu, tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Tumekuongezea siku za bure katika kifurushi chako." Siku za bure za kuangalia nini, na Scottie Scheffler, bingwa wa mwaka uliotangulia, ameshamvika mwenzake koti? Kuhusu kijana aliyenicheka, hakuna hata neno. Kuhusu kwa nini matangazo yalikatwa, hakuna neno pia. Nilikuwa nimeanza kupoa nilipoisoma, nikawaka upya.

Hicho kipande cha mwisho nilikuja kukitazama kesho yake kwenye programu ya Masters wenyewe, ambako tangu 2019 wanaweka kila mkwaju wa kila mchezaji. Bure. Nililia nilipomwona amepiga magoti, ingawa nilishajua. Kwa hiyo nawapa nyota moja tu; ya pili, niliyotaka kuwaachia kwa ajili ya mtangazaji, naiondoa, yeye anisamehe. Wakiandika kwenye masharti yao kwamba matangazo yataendelea hadi mshindi apatikane, na yule kijana akinipigia kuomba radhi, nitarudi. Kabla ya hapo hela yangu hawaioni.