Benda (vifaa vya kukunjia mabomba) za kopa: nimetumia za aina tatu, hii ndo iliyobaki kwenye begi

Wakuu mimi ni fundi friji na AC hapa Dar, mwaka wa saba sasa niko kazini, na miaka kama minne ya mwanzo nilikuwa nakunja kopa kwa mkono na goti kama nilivyomkuta fundi wangu anafanya. Kopa mpya ya robo inchi ukiifungua kwenye roli inakunjika vizuri tu kwa vidole gumba kwa hiyo unajiona umeshajua, mpaka siku uingie kwenye 3/8 au nusu inchi halafu nafasi nyuma ya mashine ni kiganja tu, hapo bomba linabonyea ghafla, unalisikia kabisa mkononi limelegea, ukicheki upande wa ndani wa kona lishapiga kunjo kama mrija wa soda.

Kilichonifanya nianze kununua vifaa ni kazi moja Sinza, AC ya BTU 12,000 ghorofa ya tatu. Bomba jembamba lilibonyea kidogo kwenye kona, nikalirudishia umbo na koleo, nikavuta sponji juu, nikapiga tepu, nikaondoka. Wiki mbili mbele mama mwenye nyumba ananipigia, "Fundi mwanangu, hii AC inatoa upepo tu, baridi hamna." Naenda, nafungua tepu, kabla ya kona bomba liko kawaida, kuanzia pale palipobonyea kwenda mbele barafu nyeupe imelivaa bomba. Yaani nilikuwa nimemtengenezea kapilari (kile kijibomba chembamba kinachobana gesi) ya pili bila kujua, gesi inabanwa pale, ubaridi unaishia njiani. Bomba nilirudia lote, na gesi pamoja na nauli vikawa juu yangu.

Nikaenda Gerezani nikachukua seti ya springi kwanza maana ndo ilikuwa bei ya chipsi kuku za watu wawili. Springi unaivalisha nje ya bomba halafu unakunja taratibu kwa mkono, zile waya zinalikumbatia bomba lisitanuke pembeni, na hapo ndo penyewe, kwa sababu ukikunja ukuta wa nje wa kona unavutika na wa ndani unasukumana, bomba likikosa wa kulishika linakuwa umbo la yai halafu linajikunja. Kwa robo na 3/8, kona za upole, springi haina shida kabisa. Shida yake ya kwanza haikupi kipimo, kona inatokea popote inapotaka. Ya pili lazima uivalishe kabla hujafulea, yaani kutanua, mdomo wa bomba, mimi nimeshafulea na nati iko ndani ndo nakumbuka springi iko kwenye begi, sijui mara ngapi. Ya tatu inang'ang'ania. Kwenye 5/8 nilikunja kona kali springi ikagoma kutoka, nikavuta mpaka waya zikaachana, ikafa. Baadae ndo nikaelekezwa kwamba unazidisha kona kidogo halafu unairudisha, kisha unaizungusha huku unaitoa, usiivute kavukavu.

Halafu nikafanya ujinga wa hela. Nikaona benda ndogo ya mkono yenye mifereji mitatu, nzuri inang'aa, muuzaji anasema hii inakunja saizi zote. Sikusoma namba. Ilikuwa 6, 8 na 10 za milimita, hizi ni za mabomba ya magari. Sasa piga hesabu, robo inchi ni milimita 6.35, haiingii kwenye 6, ukilazimisha inakwanguka pembeni. 3/8 ni 9.52, ukiiweka kwenye 10 inacheza nusu milimita hivi. Nikasema nusu milimita ni nini bana. Nilikunja kona ya kwanza, kwa macho iko safi, nikapitisha kidole nikasikia imelala bapa, na kona ya pili ikapiga mikunjo midogo midogo upande wa ndani kama shingo ya shati. Muuzaji hakunidanganya sana, kosa langu ni kutosoma, ila ile benda nilimpa jamaa wa gereji na kwake inapiga kazi mpaka leo.

Inayobaki kwenye begi ni benda ya mikono miwili ya saizi moja moja, ninazo ya robo, ya 3/8 na ya nusu, za inchi kweli. Nilinunua moja moja kila nilipopata kazi nzuri, na zote tatu ukijumlisha zimenitoka pesa ndefu kuliko seti ya springi mara kadhaa, sitaki kudanganya mtu. Lakini ukilaza bomba kwenye mfereji linakaa kimya, halitikisiki, ule mkono wa pili unakuja juu yake unalifunika nusu ya pili, unalinganisha alama ya sifuri ya mkono mmoja na ya mwingine unavuta mara moja bila kushtuka. Bomba likitoka linarudi nyuma kidogo kwa hiyo kwa digrii 90 mimi navuta digrii mbili tatu zaidi. Napiga alama ya maka pen pale ninapotaka kona na inatokea palepale. Ukinunua pitisha ukucha ndani ya mfereji kwanza, ukisikia kinundu cha chuma kilichobaki kiwandani rudisha, kitakuchorea kila bomba. Na cheki ule mkono unaobana usiwe umelegea kwenye pini.

Ila usilaumu benda kabla hujapima kopa. Kuna roli zinauzwa ukuta wake ni nusu milimita tu, ukizishika ni nyepesi kama karatasi, hizo hata benda nzuri zinaleta mikunjo. Mimi nachukua za milimita 0.8, hasa kwenye gesi za R410A na R32 maana presha yake inafika kama mara 1.6 ya ile gesi ya R22 na ukuta wa kona tayari umeshapungua kwa kuvutika. Na bomba la zamani ulilonyoosha usilikunje tena palepale, kopa ikishakunjwa mara moja inakuwa ngumu, mara ya pili inaweza kupasuka. Kulipasha moto mpaka liwe jekundu hafifu linalainika kweli, lakini ndani linaacha magamba meusi kama hupitishi gesi ya naitrojeni ndani yake.

Kuna wazee watakwambia jaza mchanga mkavu uzibe pande zote ndo ukunje. Kwa bomba la urembo au kiti sawa. Kwenye AC usithubutu, punje moja ikibaki inaenda kwenye kompresa, na kwenye friji tundu la kapilari halifiki hata milimita moja.

5/8 bado sina benda yake. Niliazima ya jirani yangu fundi, Ridgid nyekundu ya Marekani, nzito mpaka begi linainama upande mmoja, kona inatoka kama imemiminwa. Kila nikienda kuiazima ananiambia nimletee soda kwanza, na mwezi huu nimeshapeleka nne.