Nyuki kwenye mwembe wa uani: nimelipa mara mbili, kazi imefanyika mara moja

Nimeishi Kihonda hapa Morogoro miaka 9, na mwembe wa uani tuliukuta. Shina lake lina pango, kama mita mbili na nusu kutoka chini, pale tawi kubwa lilipokatika zamani. Mwaka jana mwezi wa tatu nikaona wadudu wanaingia na kutoka hapo. Jirani akasema ni mavu. Mama mkwe wangu akasema ni nyuki. Nikaacha, maana hawakuwa wakimsumbua mtu.

Jumamosi moja kijana akaja kutupasulia kuni chini ya mwembe huohuo. Hakufika hata gogo la pili. Kishindo cha shoka kinapita ardhini na kwenye mizizi mpaka kwenye shina, na wale wa ndani wanakisikia. Walimwagika kama mchanga. Kijana alikimbia akaingia jikoni akafunga mlango. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele, na miguu yake si ya kukimbia. Mbuzi wetu jike alikuwa amefungwa kamba kwenye mti. Hakuna aliyeweza kumfikia, na jioni alikuwa amekufa. Naandika haya hasa kwa ajili ya wenye wanyama: usifunge mbwa wala mbuzi karibu na mti wenye nyuki, hata kama wametulia mwaka mzima.

Mama nilimkwangua miiba 11 kwa kadi ya bima ya afya, mingi ikiwa shingoni. Pale kituo cha afya muuguzi aliniambia kwamba cha muhimu ni haraka. Kifuko cha sumu kinabaki kwenye mwiba na kinaendelea kusukuma, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta kibano, tumia kucha au chochote kilicho karibu. Akaniambia pia niangalie kama midomo inavimba, kama anahema kwa shida au anaishiwa nguvu, na nikiona hivyo nimrudishe papo hapo. Tunashukuru Mungu, haikutokea. Ile miiba ndiyo iliyomaliza ubishi na jirani. Mavu na nyigu wanachoma na kuondoka na mwiba wao, na wanaweza kurudia. Nyuki anauacha kwenye ngozi. Kitu kingine kilibaki kichwani mwangu: kanga ya mama ilikuwa inanukia kama ndizi mbivu. Sikujua maana yake siku ile.

Sasa nije kwenye huduma zenyewe.

Ya kwanza ilikuwa kampuni ya kupulizia dawa za wadudu, niliyoipata kwa tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Jina sitaji. Kwenye simu niliwaambia ni nyuki, wakajibu, "Mavu, nyuki, nyigu, dawa ni moja." Bei ilikuwa shilingi 80,000. Walikuja vijana wawili saa 10 jioni, jua bado kali, bomba la kupulizia mgongoni. Sikujua kwamba muda ule nyuki wengi bado wako nje wanatafuta chakula. Wakanyunyiza ndani ya pango kwa dakika kama kumi. Waliokuwa ndani wakaanza kudondoka, na waliokuwa wanarudi wakakuta hali hiyo wakachachamaa. Mtaa mzima ulifunga madirisha mpaka giza likaingia. Mtoto wa nyumba ya tatu alichomwa mara mbili akitoka dukani. Niliwauliza wale vijana masega yatatolewaje. Wakasema hiyo si kazi yao, na kwamba asali ikishakauka dawa tunaweza kuirina wenyewe tukala. Nimelifikiria sana neno hilo. Kuna nyumba ambazo zingekula.

Siku ya nne asali ikaanza kutiririka kwenye shina. Nyuki wakiwa hai ndio wanaopunga mabawa kupooza masega, na wakifa, nta inalegea kwa joto na kila kitu kinashuka. Wakaja sisimizi, wakaja nzi, na kilichoniuma zaidi, wakaja nyuki wengine wa kutoka mbali kuiba ile asali yenye sumu. Kila asubuhi nilifagia maiti za nyuki chini ya mwembe kabla kuku hawajazidonoa. Niliwapigia ile kampuni mara tatu. Mara ya mwisho wakanitajia bei ya kupulizia upya.

Mwezi wa sita, mwembe ulipochanua, kundi jipya likahamia kwenye pango lilelile. Nililia, sitaficha.

Aliyetuokoa ni mzee mfugaji nyuki niliyeelekezwa na mama anayeniuzia asali sokoni. Alikuja kwanza mchana, mikono mitupu, kuangalia tu, na hakudai zaidi ya nauli yake, 5,000. Nilimwamkia, akaitikia, kisha kabla hajauona hata huo mti akaanza maswali.

"Marahaba mwanangu. Humu ndani kuna mtu ambaye akiumwa na nyuki kifua kinambana?"

Akauliza wameingia lini, majirani wana watoto wadogo, mifugo inalala wapi, na kama kuna mtu alishawahi kuwapulizia dawa. Nikamweleza yote. Akauliza dawa gani. Sikuwa na chupa wala risiti. Akanyamaza kidogo akasema, "Basi asali hii hailambi mtu, hata mimi."

Nilimsimulia habari ya kanga. Akasema ndiyo harufu yenyewe: nyuki akichoma anaacha harufu ya kuwaita wenzake, nayo inafanana na ya ndizi mbivu, na ndiyo sababu mtu aliyechomwa mara moja huchomwa mara kumi palepale. Aliyechomwa aondoke mbali, aingie ndani, abadilishe nguo. Moshi unafanya kazi kwa sababu unaifunika harufu hiyo, na pia nyuki wakisikia moshi wanakimbilia kushiba asali wakidhani wanahama, na nyuki aliyeshiba hana haraka ya kugombana.

Kazi ilifanyika siku mbili baadaye, kuanzia saa 1 usiku. Alikuwa na msaidizi mmoja, wote na mavazi ya kinga na viatu vya mpira, na suruali wamezifunga juu ya viatu kwa vipande vya tairi la baiskeli. Usiku nyuki hawaruki sana, wanatambaa, na wanapenda kupanda miguuni. Tochi aliifunika kwa kitambaa chekundu, kwa kuwa nyuki hawaoni rangi nyekundu. Bomba la moshi alilijaza samadi kavu ya ng'ombe na magunzi, akapuliza mdomoni mwa pango kidogokidogo, akasubiri, akapuliza tena.

Mimi nilisimama dirishani nimezima taa. Nilimwona akipanua mdomo wa pango kwa patasi, taratibu, kisha akaanza kukata masega moja moja kwa kisu kirefu. Yenye majana, yaani watoto wa nyuki, aliyapokea kwenye kiganja kama anavyopokelewa mtoto mchanga, akayafunga kwa uzi kwenye vipande vya mbao vya mzinga wake wa sanduku. Yenye asali yakaingia kwenye ndoo yenye mfuniko. Halafu akachomoa kitu cheusi, akakileta karibu na dirisha nikione. Lilikuwa sega la wale wa kwanza, la wakati wa dawa. Limefungwa utando mweupe kama pamba, limejaa funza wa nondo wa nta, na kati ya utando nyuki waliokufa bado wamekaa kwenye vyumba vyao, vichwa vimeingia ndani. "Haya ndiyo yaliyowaita hawa," akasema. Harufu ya nta na asali ya zamani huwaambia nyuki wanaotafuta makao kwamba hapa waliwahi kuishi wenzao. Ukiua na kuacha masega, umewaandalia nyumba wanaofuata.

Malkia alimpata karibu saa 3 usiku, akamweka kwenye kibweta chenye matundu ndani ya mzinga. Mzinga akauning'iniza pembeni ya pango, akauacha hapo usiku ule na kesho yake yote, ili waliobaki wamfuate mama yao. Usiku wa pili akaziba mlango wa mzinga, akaupakia kwenye guta mpaka barabarani na kuupeleka shambani kwake upande wa Melela. Alinieleza kwamba wasipopelekwa mbali, angalau kilomita 3, wale wanaojua njia watarudi mwembeni.

Jumla nililipa 120,000, na nyuki wakawa wake. Ya kwanza ilikuwa rahisi kwa 40,000, ila tulibaki na mizoga, uozo na kundi jipya.

Kuna mambo ambayo sikuyapenda pia. Siku ya kwanza tuliyopanga hakutokea wala hakupiga simu, na tulikuwa tumeshawapeleka watoto kwa shangazi yao. Ile siku mzinga unaning'inia hatukutoka ndani kwenda uani kabisa, hata kufua hatukufua, na hilo alipaswa kutuambia mapema. Risiti hana. Na msaidizi wake alitupa vipande vya nta nyuma ya choo badala ya kuvichoma. Niliviona asubuhi vimezungukwa na nyuki, nikavizika mwenyewe.

Baada ya kuondoa kila kitu walikwangua pango, wakalisugua kwa maji moto na sabuni, wakaliziba kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 3. Nilitaka zege. Mzee akakataa, akasema zege linashika maji, na shina litaoza ndani miaka michache tu.

Mkikutana na hali hii, pigeni simu kabla hawajachokozwa, na mwulizeni anayekuja swali moja: masega utayapeleka wapi? Akikosa jibu, mtafuteni mwingine. Ila kama tayari wanashambulia watu, hiyo ni dharura, ingieni ndani mfunge na kupiga 114 ya zimamoto.

Mwezi wa kumi na moja, wakati wa mvua za vuli, kona moja ya wavu ililegea, nikaona nyuki wawili watatu wanazunguka pale wanapachunguza. Nilimpigia mzee saa 2 asubuhi. Saa 5 alikuwa juu ya ngazi na nyundo, akapigilia upya kwa misumari mipana, akapaka lami pembeni kote. Nilipomuuliza ni kiasi gani, akasema nauli, 5,000.